Kisiwa cha Beseni

Kwa wiki tatu Pétronille alitengeneza bahari katika nyumba ya Maman Yolande, huko Saint-Gilles: beseni refu, mchanga, maji na kibao cha kusukumia mawimbi. Kazi ya masomo ilikuwa ya Anaïs, binti wa nyumba, aliyekuwa akisomea jiografia chuoni. Mikono ilikuwa ya Pétronille, mtumishi wa nyumba.

"Polepole, toujours pareil, vilevile kila mara," Anaïs alimwambia akipaka kucha rangi. "Wimbi likifika kwenye maji mafupi linavunjika, linaacha muchanga."

Mchanga ukalundikana mbali kidogo na ufuko, likachomoza tuta jembamba: kisiwa. Mbele yake maji yalipiga; nyuma yake yalilala kama uji uliopoa. Pétronille aliishia darasa la nne, na hakuwahi kufundishwa jambo tamu hivyo. Anaïs alikuwa amemwahidi: kisiwa kikisimama, atampeleka kujiandikisha masomo ya jioni. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana.

Ijumaa asubuhi walikuta kisiwa hakipo. Jikoni, sufuria iliyokuwa imeunguza bukari, ugali wa kwao, ilimetameta. Maman Yolande, ambaye kila siku aliwacheka washamba, alikuwa ameisugua kama mama yake alivyosugua kule Likasi: kwa mchanga.

"Nani alifanya hivi?" Anaïs alipiga kelele.

"Uliza huyu mushamba wako," alisema Maman Yolande, akificha vidole ndani ya kitenge.

Anaïs aliviona, vimejaa mchanga kwenye kucha. Akamgeukia Pétronille.

"Alors, kirudishe. Nakipeleka kwa profesa saa nane."

"Dada, na masomo? Wanafunga saa sita."

"Basi sukuma mbio!" Mama na binti wakacheka.

Akasukuma mbio. Wimbi likaruka tuta changa na kulitupa ufukoni. Akaanza upya, polepole, kwa sababu mchanga hauna haraka ya mtu. Kengele ya kanisa ilipiga saa sita akiwa amepiga magoti.

Saa saba kisiwa kilisimama. Anaïs alivaa koti.

"Profesa akiuliza kwa nini kisiwa kinasogea?"

Pétronille alijibu bila kuinua macho. "Dhoruba inakiruka. Inachota mchanga wa mbele, inautupa nyuma. Kila kikipigwa, kinarudi nyuma kidogo."

Anaïs aliyaandika hayo kiganjani, akabeba beseni, akatoka.

"Bon, Pétronille," aliita Maman Yolande kutoka jikoni. "Kuna sufuria ingine."