Sidaiwi na Mtu

Fundi cherehani alikuwa na jambo moja la kujivunia: hakuwa na deni la mtu. Dukani hakukopa, na hata kitambaa cha mteja kilichobaki alikikunja akakirudisha. Basi karani wa mahakama alipotoa kichwa mlangoni na kuita, "Mdai! Mdaiwa!", yeye aliendelea kukaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akamwonea huruma huyo mdaiwa. Maskini, kuanikwa hivyo mbele za watu!

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliinuka akaingia. Ndiye aliyemshtaki. Aliitaka nyumba ya kaka yake, pamoja na baraza lenye cherehani, na alitaka fundi na binti yake watoke. Fundi alidhani anakwenda kuuliza kitu tu. Shemeji hajawahi kutulia mahali.

Karani aliita tena, kwa hasira. Kisha mlango ukafungwa.

Shemeji alipotoka, uso umemkunjuka. "Pole, shemeji. Wamenipa nyumba. Ungeingia basi ujitetee."

"Niingie vipi? Nipo hapa tangu asubuhi, sijaitwa!"

Shemeji alikuwa ameshaishika njia ya ngazi.

Mwisho wa korido, karibu na choo, palikuwa na meza yenye tangazo: MSAADA WA SHERIA BURE. Asubuhi fundi aliipita bila kusimama, maana alishapewa vingi vya bure maishani, na vingi vilikuwa bure kweli. Sasa aliiendea. Msaidizi wa sheria, binti wa rika la mwanawe, alikuwa anatafuna karanga.

"Mdaiwa hakuitwa?" aliuliza baada ya kumsikiliza.

"Aliitwa. Mimi inanihusu nini? Sidaiwi na mtu."

Msaidizi aliziweka karanga chini. "Mama, hapa anayeshtaki ndiye mdai. Anayeshtakiwa ndiye mdaiwa, hata kama hadaiwi sindano."

Fundi hakulia. Alikasirika. Miaka yote hiyo ya kulinda jina lake, halafu wamvike la mdaiwa bila kumpima, na wamnyang'anye nyumba kwa kutolijibu!

"Twende," msaidizi alisema, "kabla hakimu hajanyanyuka."

Shemeji alirudishwa kutoka kwenye ngazi, amenuna. Msaidizi alieleza. Hakimu alimtazama fundi juu ya miwani.

"Ulikuwa wapi ulipoitwa?"

"Hapo nje, mheshimiwa. Kwenye benchi. Nilikuwa namsikitikia huyo mdaiwa."

Mtu mmoja alicheka nyuma. Hakimu hakucheka. Alifuta uamuzi wake, akapanga siku ya kuwasikiliza wote wawili. Nyumba haikuwa imepona, ila usiku huo wangelala ndani yake.

Walipotoka, karani alitoa tena kichwa. "Mdai! Mdaiwa!"

Bwana mmoja mwenye mafaili akaingia mbio. Kwenye benchi alibaki mzee aliyevaa buti za shambani. Alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma, na fundi aliitambua huruma hiyo.

"Baba, nani kakushtaki?"

"Huyo aliyeingia. Anataka shamba langu."

"Basi simama. Unaitwa wewe."

"Mimi? Mwanangu, mimi sina deni la mtu."

"Najua, baba," fundi alisema, akamshika kiwiko. "Ingia hivyohivyo."