Mstari wa Rangi kwenye Giaboksi

Karekezi alipofika kwa Rwegoshora kule Ndama alitoa shikamoo mara mbili. Mzee alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akarudi kwenye viatu, na marahaba haikutoka.

"Umekuja kufanya nini kwangu, ndugu wa mharibifu?"

"Nimesikia umepata giaboksi nyingine, mzee. Nimekuja kukufungia geji ya joto."

"Kama ile aliyofunga kaka yako?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Ilikuwa miezi mitatu tangu wamzike Mbonimpa, kaka yake. Rwegoshora hakuona haya hata siku ya mazishi. Alisimama katikati ya waombolezaji akasema fundi wanayemlilia ndiye aliyemuulia lori. Lori hilo la dizeli liliungua giaboksi karibu na Bugomora likiwa na shehena ya kahawa, na kahawa ikanyeshewa siku nne. Oili yote ilikuwa imemwagika njiani, na Rwegoshora alisema ilivujia pale Mbonimpa alipoingiza kipima joto. Tangu hapo, kutoka Ndama hadi Rugu, marehemu aliitwa Fundi Kuvuja, na shuleni wanawe wakarithi jina hilo.

"Shemeji, kaka yako hawezi kujisemea," mjane wake Mukandekezi alimwambia Karekezi. "Nenda ukamsemee."

Karekezi alikuwa amefundishwa ufundi na huyo huyo kaka yake. Hakuamini kwamba mkono ule ungeweza kuacha tundu likivuja. Moyoni alimshuku dereva, Elpidius, kwamba alichokonoa kazi ya mwenzake.

"Nitafunga," alimwambia mzee, "lakini kwanza nifungue giaboksi ya zamani mbele yako na mbele ya dereva wako."

"Fungua. Uaibike mchana kweupe."

Giaboksi ililala shambani nyuma ya nyumba, imefunikwa majani ya mgomba. Elpidius alikuja akitafuna kijiti.

"Ninyi wafu wenu mnawazika mara ngapi?" aliuliza.

Karekezi alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa akaanza kusugua kuizunguka nati ya kipima joto. Alikuwa akitafuta kitu kimoja ambacho hakumwambia mtu. Kila alipomaliza kukaza nati, Mbonimpa alichora mstari mwembamba wa rangi nyekundu, kutoka kwenye nati hadi kwenye bodi ya giaboksi. Spana ya mtu mwingine ikiigusa nati, mstari unakatika, nusu yake inahama. Wateja hawakuambiwa. Karekezi alikuwa na hakika ataukuta umekatika.

Uchafu ulitoka. Mstari ulikuwa mzima.

Alisugua tena, kana kwamba kitambaa kingeweza kuukata. Kisha akatia spana, nati ikaja. Pale palipopaswa kuwa na washa ya kopa, kile kipete cha kuzuia oili isivuje, palizungushwa uzi wa gome la mgomba, umeungua, unasagika vidoleni kama tumbaku. Aliujua. Kila nyumba huku huziba hivyo mdomo wa chombo cha rubisi, pombe ya ndizi, na tone halidondoki. Mwaka ule geji ilipofungwa, madukani hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sembuse washa. Lakini rubisi hukaa baridi. Oili ya giaboksi inayopanda mlima na kahawa mgongoni inachoma.

Rwegoshora aliinama, akatazama, akamgeukia dereva.

"Gome la mgomba? Hii si akili ya fundi. Elpidius, ulifungua njiani ukaziba mwenyewe."

"Sijagusa, mzee."

"Lori alikuwa nalo nani mwingine? Lete funguo."

Elpidius alizitoa mfukoni polepole. Kijiti kilikuwa kimesimama mdomoni.

Karekezi alikuwa amepata alichokuja kukitafuta. Kilichobaki ni kunyamaza tu. Mstari ule hakuna mwingine aliyejua kuusoma. Aliwawazia wanawe Mbonimpa wakienda shule kesho yake. Akautazama mkono wa Elpidius ulionyooka na funguo.

"Mwachie funguo zake," alisema. "Ni kazi ya Mbonimpa."

Akaeleza habari ya mstari.

"Rudia," alisema Rwegoshora. "Wale wanaopalilia kule hawakusikia."

Akarudia.

Kisha akafunga geji kwenye ile giaboksi nyingine, iliyokuwa imekwisha fungwa chini ya lori, mzee amemsimamia kichwani. Alisafisha mikato ya ndani ya tundu, inayoishika nati, kwa petroli hadi ikang'aa. Washa ya kopa aliichoma ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini ilainike, iweze kukaa sawasawa. Nati aliianza kwa vidole, akamalizia kwa spana, akaacha kabla ya kuilazimisha. Mrija wa shaba unaokwenda kwenye geji aliuzungusha mviringo mmoja ili mtikisiko usiuvunje, akaufunga mbali na ekzosi. Akajaza oili.

Lori likapakiwa, likapanda kilima cha Rugu na kurudi. Sindano ya geji haikufika kwenye nyekundu. Karekezi aliingia chini, akanyunyiza majivu kuizunguka nati, injini ikinguruma. Majivu yalibaki makavu.

"Kumbe mnajua kufunga," alisema Rwegoshora. "Basi kaka yako alifanya makusudi."

"Hakufanya makusudi. Washa hazikuwepo."

"Angesema."

Karekezi alijivuta kutoka chini ya lori, akajipangusa majivu. Kweli, angesema.

Alipokuwa akikusanya spana zake, Elpidius alipita karibu.

"Miezi mitatu mmenitafuna midomoni mwenu, wewe na shemeji yako. Usidhani nitakushukuru."

Maneno yalimtangulia njiani. Alimkuta Mukandekezi kizingitini akimenya ndizi, naye mjane hakuinua macho.

"Nilikutuma ukamsemee."

"Nilikuta mstari ni mzima, shemeji."

"Nani mwingine angejua maana yake?"

"Hakuna."

"Wangemfukuza dereva?"

"Wangemfukuza."

"Dereva ana watoto?"

"Sijui."

"Hukuuliza. Wa Mbonimpa unawajua kwa majina."

Alimaliza ndizi aliyoishika, akaitia kwenye beseni, akachukua beseni akaingia ndani. Karekezi alisikia komeo likipita. Watoto walikuwa wakiongea upande wa pili wa mlango, na mama yao akawaambia wanyamaze.