Kaporali Sufuria Hatungi Nyimbo za Kulia

Mimi nina hasira za karibu, na nasema mapema ili mtu asinilaumu baadaye: watu wetu wa Sydney wakishazoea kumcheka mtu, masikio yao huziba.

Balagizi alikuwa ametunga wimbo, akataka jambo moja tu, usikilizwe.

Wakongo wa hapa wanamwita Kaporali Sufuria. Kule Bukavu, kabla ya vita kumfukuza, alikuwa na kundi la michezo ya kuigiza, na Kaporali, mhusika aliyemwigiza mwenyewe, ndiye aliyejaza kumbi. Ni askari mwoga anayevaa sufuria kama kofia ya chuma na kujitwalia sifa za wenzake. Mwingine akiua nyoka, Kaporali ndiye aliyemuua. Jirani akipata mapacha, Kaporali anapokea pongezi. Lakini Balagizi huyo huyo alipiga gitaa katika bendi ya hoteli, akatunga muziki wa michezo ya redio, tangazo la sabuni, na nyimbo za kuwahimiza watu walale ndani ya chandarua. Kambini Uganda alichonga wanasesere wa mbao akawachezesha mbele ya watoto. Alipofika Australia aliigiza kwa Kiingereza katika ukumbi mmoja wa mjini. Alipewa nafasi ya mtu anayekufa mapema, akafa vizuri kila jioni mpaka msimu ukaisha. Siku hizi anapanga mizigo katika ghala huko Lidcombe, na wikendi anaongoza harusi. Bi harusi asipocheka mpaka wanja umtiririke, watu husema sherehe ilipoa.

Mimi ni Mkenya, nesi, na ndimi ninayefundisha kwaya ya kanisa letu la Toongabbie. Balagizi aliniletea ule wimbo baada ya ibada, ameurekodi kwenye simu kwa sauti ya chini. Unauliza: nani alifunga mlango niliouacha wazi, nani alizima jiko, nani alimwambia mtoto kwamba nitarudi. Niliusikiliza mara moja, nikajikuta nimekaa kwenye ngazi za kanisa.

"Papa Gloire, hii ni serious kabisa," nikamwambia. Gloire ni binti yake, na ndiye sauti bora niliyo nayo.

"Ni serious. Njo maana usitaje jina yangu. Bakisikia ni mimi, batacheka mbele ya kusikia. Zile zingine bacheke tu. Hii moja, hapana. Hii ni ya bale tuliacha."

Nikamwahidi.

Tamasha la kwaya za Waafrika lilikuwa Jumamosi mchana, Parramatta. Balagizi alivaa suti nyeusi akakaa nyuma kabisa, karibu na meza ya sambusa. Gloire alipoanza kuimba peke yake, ukumbi ulitulia. Hata watoto waliokuwa wakifukuzana katikati ya viti walisimama kuangalia mama zao wana nini. Mama Léocadie, ambaye mwanawe alipotea siku waliyokimbia na hadi leo hajulikani alipo, alijifunika uso kwa kitenge akalia bila kujificha. Tulipomaliza, hakuna aliyekumbuka kupiga makofi.

Mama Léocadie akainuka. "Nani alitunga hii? Asimame nimushukuru."

Nilitazama karatasi zangu, maana ahadi ni ahadi. Gloire alitazama nyuma ya ukumbi, na midomo yake ikasema bila sauti, "Dad, don't."

Balagizi akasimama. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Mtu akilia kwa wimbo wako ukimwona kwa macho yako, utawezaje kubaki umekaa?

"Niliitunga mimi, mama," akasema kwa upole, mikono ameilaza ubavuni, bila mbwembwe hata kidogo.

Mwanamume mmoja wa mbele akaruka. "Kaporali!" Ukumbi mzima ukaanguka kicheko. Kaporali kajitwalia tena! Watu walipiga viti, wengine walishikana mabega wasianguke. Mama Léocadie naye akashusha kitenge akacheka, machozi bado yako mashavuni, akamtikisia kidole. "We Kaporali, hata hii?"

Nilinyakua kipaza sauti niwaambie ukweli, na baada ya ukweli niwaambie na mengine. Lakini Balagizi alinitazama kutoka kule nyuma akatikisa kichwa. Alikuwa amemwona Mama Léocadie anavyocheka. Basi akasukuma tumbo mbele, akapiga saluti, akaenda kwa mwendo wa gwaride mpaka kwenye sambusa na kuzikagua moja moja. Watu walifurahi mno. Mimi nilirudisha kipaza sauti mahali pake kwa kishindo.

Nikawarudisha baba na binti nyumbani kwa gari langu. Gloire alikuwa amenuna. "Why didn't you just tell them, Dad? Like, properly?"

"Niliambia," akajibu. Tukaenda kidogo, halafu akaniuliza, "Dada Jerotich, balilia?"

"Walilia."

"Mbele mi nisimame?"

"Kabla hujasimama. Hall yote."

Akaitikia kwa kichwa, akageukia dirisha.

Wiki iliyofuata Mama Léocadie alinipigia simu. Alikuwa ameamua, baada ya miaka yote ile ya kungoja, kumwombea mwanawe kama anavyoombewa marehemu, na alitaka kwaya iimbe wimbo ule. Nikamwambia waziwazi kwamba Balagizi ndiye aliyeutunga. Safari hii hakucheka, na nadhani aliamini.

"Basi umushukuru sana," akasema. "Lakini asikuje, dada. Batu bakimuona batacheka, na siku ile nataka kulia."

Jambo la namna hiyo halitumwi kwa WhatsApp. Nilienda mwenyewe nikamkuta Balagizi ametoka kazini, bado amevaa fulana yake ya njano ya ghala. Nikamwambia neno kwa neno. Nilitaka akasirike, maana mimi nilikuwa nimeshakasirika kwa niaba yake na nilihitaji mwenzangu. Macho yake yalijaa machozi, akayafuta kwa kiganja.

"Kaimbeni," akasema. "Lakini mwisho ule mupunguze mwendo. Mama atakuwa amelia sana, apate fasi ya kupumua."