Mguu wa Kushoto wa Yurani

Kwa miaka kumi na mmoja Ligia Siachoque aliandika programu za kampuni moja ya bima huko Bogotá, ghorofa ya kumi na nne, nyuma ya madirisha yasiyofunguka. Kazi aliiweza, na wakubwa wake walimpenda kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini mwaka wa kumi na mmoja ulipoingia alianza kupotelewa na muda. Alasiri, tumbo likiwa limeshiba, mistari kwenye skrini ilikuwa ikilegea taratibu, ikijipinda, ikipanda, na badala ya programu akaziona barabara za kwao Boyacá zikiizunguka milima, na juu yake waendesha baiskeli wadogo kama siafu, wakizama ukunguni mmoja baada ya mwingine. Akizinduka, saa nzima imekwisha na hajagusa kitufe.

Alipoona tangazo la timu ya baiskeli ya wanawake huko Sogamoso, mkoani kwao, iliyotaka mtu wa kusoma vipimo vya wachezaji wake, aliandika barua siku ileile. Akapata kazi. Kwenye kampuni ya bima walidhani anatania. Mama yake alimsikiliza kwenye simu mpaka mwisho, akasema:

"Kwa hiyo unaacha kiti chenye magurudumu matano unafuata baiskeli yenye mawili."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Njoo na sweta. Umeshaisahau baridi ya huku."

Timu iliitwa Ua la Kiazi, kwa heshima ya chama cha wakulima wa viazi kilichoifadhili, na makao yake yalikuwa ghala la zamani la sufu. Ghala lile lilinuka kondoo na mafuta ya mnyororo, na asubuhi mwanga uliingia kwa juu, kupitia mabati yaliyotoboka, ukasimama katikati ya vumbi kama nguzo. Ligia alipewa meza chini ya nguzo mojawapo. Kuna siku alikaa tu akiitazama ikihama polepole kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akisahau kama yuko kazini.

Kocha aliitwa Rosaura Pirabán, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu aliyewahi kushindana mwenyewe, na bega lake moja lilikuwa limeinama kwa sababu ya mifupa iliyovunjika mara tatu. Tangu siku ya kwanza alimwita Ligia "Injinia", kwa sauti ambayo haikujulikana kama ni heshima au kejeli.

Ndani ya kila pedali kulikuwa na kipimo kidogo kilichojua mguu umekanyaga kwa nguvu kiasi gani, wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake. Mkanda wa kifuani ulihesabu mapigo ya moyo. Wasichana saba wakirudi mazoezini wamelowa, yote hayo yalimiminika kwenye kompyuta ya Ligia. Naye akafanya alichokizoea maisha yake yote: akasafisha. Vipimo vyenyewe vilikuwa vya bei nafuu na vilidanganya hovyo, barabara ikiwa mbovu vinaruka, mvua ikinyesha vinapungua. Basi aliandika programu iliyotambua kila kinachofanana na hitilafu na kukilainisha. Ikitokea pedali moja kusoma kidogo kuliko mwenzake kupita kiasi, programu ilidhani kipimo kimekosea, ikazigawia pedali zote mbili nguvu sawasawa. Michoro ikatoka imenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Hata kocha alisifu.

Katika wale saba kulikuwa na Yurani Chaparro, wa miaka ishirini na miwili, aliyezaliwa katika mashamba ya vitunguu kando ya ziwa Tota. Alipoanza kupanda mlima, Yurani hakuonekana kutumia nguvu. Alipaa kama mvuke unavyotoka kwenye chungu. Lakini ikifika dakika ya ishirini hivi, wenzake wakikaza mwendo, alipungua, akapitwa na wa nyuma, kisha na wa mwisho. Ilikuwa hivyo kila mara. Wenzake wakamwita Dakika Ishirini, naye akacheka pamoja nao. Kocha hakucheka. Alisema msichana yule ana miguu lakini hana moyo. Michoro ya Ligia ikaunga mkono: nguvu inashuka, miguu yote miwili kwa pamoja, kama ya mtu aliyekata tamaa. Juni, Yurani alisimama kabisa katikati ya mlima, kwenye mashindano, watu wakimtazama. Kocha akakata shauri kumwacha nje ya kikosi cha mashindano ya Oktoba.

Wiki hiyohiyo dereva wa gari la timu aliugua, kocha akashika usukani mwenyewe na kumwambia Ligia apande, ahesabu chupa za maji. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kuwafuata wasichana barabarani. Miezi minne alikuwa amewajua kwa mistari tu.

Waliacha nyumba nyuma, wakaacha na miti, wakaingia páramo, kule juu ambako mimea ya frailejón husimama ukunguni kama umati wa watu waliovaa mablanketi wakimngoja mtu asiyefika. Dirisha lilikuwa wazi. Hakukuwa na sauti ila minyororo na pumzi. Ukungu ulikuja, ukawameza wasichana, ukawatema mmoja mmoja wakiwa weupe, na Ligia akahisi kwamba ameshawahi kuwa hapa, kwamba alasiri zote zile za Bogotá alikuwa hapa hasa, na kile kiti ndicho kilichokuwa ndoto.

Kisha Yurani akatokea karibu na gari, akibaki nyuma. Goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kutazama nje. Mguu ulizunguka, ndiyo, lakini ulizunguka kwa kuburutwa na pedali. Na Ligia akamwona akiachia usukani mkono mmoja, akakunja ngumi, akaupiga ule mguu pajani mara tatu, kama mtu anayemgongea jirani aliyelala.

Waliporudi ghalani alimfuata pale alipokuwa akiosha baiskeli, akamuuliza mguu una nini.

"Unakufa ganzi, dada," Yurani alisema, kana kwamba ni jambo la aibu. "Unakuwa si wangu. Nikipumzika dakika tano unarudi."

"Umewahi kumwambia mtu?"

"Nilimwambia daktari wa zahanati. Akanipima nimekaa kitini, akasema sina kitu. Basi nikajua ni woga."

Ligia alirudi mezani, akaizima programu yake na kuvifungua vipimo jinsi vilivyotoka kwenye pedali, vichafu, na makosa yao yote. Mlima wa kwanza, wa pili, wa kumi. Mistari miwili ilipanda pamoja kama ndugu walioshikana mikono, na kila mara, Yurani alipofika kikomo cha nguvu zake, ule wa kushoto uliachia mkono. Ulishuka taratibu, bila kishindo, kama maji yanayojua njia. Akipumzika, ulirudi. Haukuwa umekosea hata siku moja. Kwa miezi minne mguu ulikuwa ukisema jambo lilelile, na Ligia alikuwa ameandika programu ya kuunyamazisha.

Katika kampuni ya bima angeweza kurekebisha kimyakimya, na asingejua mtu. Alikaa hapo mpaka nguzo ya mwanga ikafifia, kisha akawaita kocha na Yurani, akawaonyesha mistari na kuwaeleza alichofanya, bila kujitetea. Kocha alitazama skrini muda mrefu. Bega lake lililoinama lilizidi kuinama.

"Mimi nimemwita mwoga mwaka mzima," alisema. "Wewe umemfuta miezi minne. Tugawane, Injinia."

Yurani alikuwa amegusa mstari wa kushoto kwa kidole kilichopauka kwa sabuni.

"Kwa hiyo kuna kitu kweli," akasema.

"Kipo. Sijui ni nini, lakini kipo."

Yurani alianza kulia, na kwa uso wake ilionekana ni furaha. Kisha furaha ikapita. "Miezi minne, dada," akasema, akachukua koti lake na kuondoka, na kwa siku tisa hakumsemesha Ligia neno.

Siku ya kumi walikaa kiti kimoja ndani ya basi la kwenda Bogotá, kwa daktari wa mishipa ya damu ambaye kocha alimtafuta kwa simu thelathini. Daktari hakumpima akiwa amekaa. Alimpandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote, akamwendesha mpaka akaishiwa pumzi, ndipo akaipima damu inavyofika kwenye vifundo vya miguu. Kulia ilijaa. Kushoto ilikuwa haifiki. Mshipa mkubwa unaopita nyongani, alieleza, ulikuwa umenenepa kwa ndani, kwa miaka ya kujikunja juu ya baiskeli, na njia imebaki nyembamba. Mtu anaweza kutembea, kulima, kucheza dansi asijue. Ni mlimani tu ndiko damu inakodaiwa yote.

Walimpasua Agosti, wakaupanua mshipa kwa kiraka kilichokatwa kwenye mshipa mwingine wa mwili wake. Hakuna aliyeweza kuahidi kwamba atashindana tena. Ligia alikwenda Tota kila Jumapili. Mwanzoni walitembea mpaka uzio wa kwanza wa vitunguu, baadaye mpaka majini, ambako ziwa lilikuwa na rangi ambayo Ligia hakuweza kuikumbuka akishageuka, kila mara ikawa mpya. Waliongea kidogo. Siku moja Yurani alimuuliza kama anajuta kuacha kazi ya mjini. Ligia alijibu kwamba kule makosa yake yalikuwa hayana uso, na hilo ndilo analolitamani wakati mwingine.

Ghalani alibadili utaratibu. Kabla ya kufungua kompyuta, aliwauliza wasichana mmoja mmoja mwili umesemaje leo, akayaandika maneno yao pembeni ya mistari. Kocha aliona ni kupoteza muda, mpaka alipojikuta akianza kuyasoma yeye mwenyewe kwanza.

Yurani alirudi kwenye mashindano Oktoba ya mwaka uliofuata. Mlima wa mwisho ulikuwa mrefu, mvua nyembamba ikinyesha, na ndani ya gari wote waliitazama saa dakika ya ishirini ilipokaribia. Ikapita. Goti la kushoto liliendelea kutazama mbele. Ukungu ukamchukua, na wao wakaufuata ukungu.

Hakushinda. Alikuwa wa saba. Walimkuta amejilaza kwenye majani kando ya barabara, amefunikwa blanketi la mtu asiyemjua, midomo ya bluu, akiomba supu ya viazi. Kocha akaenda kuitafuta huku akifoka kwamba hakuna mtu anayejali wachezaji. Ligia aliketi kwenye majani yaliyolowa. Waendeshaji wengine walikuwa bado wanafika, wakitoka katika ule weupe mmoja mmoja, na kwa kila aliyetokea Yurani alitoa mikono blanketini akapiga makofi, naye Ligia akapiga pamoja naye, hata kwa wale ambao namba zao hazikusomeka kwa matope.