Jenereta Kwenye Buti

Gari lilikuwa la umeme, la mtumba, na betri yake ilishachoka kama mwanamke aliyeliendesha. Tangu baba yake apasuliwe tumbo, mwanamke huyo alikuwa akilala hospitalini kwenye kiti cha plastiki, na baba aliporuhusiwa hakuwa na nguvu hata ya kufurahi. Sasa alikuwa akimpeleka nyumbani kwake kumuuguza, na kwenye mlima gari likaanza kujikokota. Akaliegesha pembeni.

Mumewe alikuwa amempakilia jenereta ndogo kwenye buti, ya kumwokoa njiani. Akaishusha peke yake, mgongo ukimuuma. Baba, dereva mstaafu wa malori, akafungua mlango.

"Baba, kaa. Una nyuzi tumboni."

Binti akavuta kamba mpaka jenereta ikanguruma, akachomeka waya wa kuchajia. Umeme ukaingia taratibu, kama mgonjwa anayenyweshwa uji kwa kijiko.

"Yaani gari la umeme nalo linakunywa petroli," baba akasema.

Binti alitaka kucheka, machozi yakamlengalenga. Akamshika baba mkono, wakasogea mbali na kelele na moshi, wakaketi ukingoni mwa mtaro.

"Chaji ya kutufikisha kwako itapatikana saa ngapi?"

"Jioni, labda."

"Na ya kwangu?"

"Kwako ni hapo chini tu. Iliyopo inatosha."

"Basi nipeleke kwangu."

Akawaza chumba alichomwandalia, kitanda alichoazima, watoto aliowahamishia sebuleni. "Nani atakusafisha kidonda?"

"Yule muuguzi jirani yangu. Tumeshaongea kwenye simu. Nilishindwa kukwambia, ulivyohangaika." Baba akamtazama. "Mwanangu, umekwisha. Nikija kwako tutakuwa wagonjwa wawili."

Ilimuuma. Halafu mabega yakamshuka yenyewe, akaona aibu, maana alichokisikia moyoni ni nafuu.

"Nimechoka, baba."

"Najua. Hata mimi nimechoka kutunzwa."

Binti akazima jenereta, akasubiri ipoe, akairudisha kwenye buti. Wakageuza gari, wakateremka polepole.

Muuguzi aliwapokea mlangoni, akamwongoza mzee kitandani. Binti akaingiza mfuko wa dawa, akaketi kidogo tu, avue viatu vilivyombana. Kimoja kilitoka. Cha pili hakukifikia. Usingizi ulimchukua hapohapo kochini.

Kutoka chumbani, baba akampigia mkwewe simu, akinong'ona: "Usimsubiri leo. Amelala, na hapa hakuna wa kumwamsha."