Dawa ya Kulainisha Ukuta

Mjomba wangu alikuwa fundi wa lipu, na jina la Kioo alipewa na kuta zake. Akimaliza chumba humwita mwenye nyumba, huzima taa ya juu, kisha hushika balbu ubavuni mwa ukuta, karibu kabisa, mwanga ukatambaa juu ya lipu kama mdudu. Mwanga wa namna hiyo hausamehe. Uvimbe wa punje ya mchele hutoa kivuli kirefu kama kidole. Kwenye ukuta wa Mjomba kivuli hakikuwepo. Mwenye nyumba angepitisha kiganja, kisha mgongo wa kiganja, na mwisho, bila kufundishwa na mtu, angeweka shavu.

"Lalia tu," Mjomba angesema. "Huo si ukuta, ni mto."

Nimewaona wakiweka mashavu. Walimu, wenye maduka, mume na mke wakiangaliana huku wamelalia ukuta mmoja. Leo nikiyakumbuka mashavu yale, mate yananijaa mdomoni, na si ya njaa.

Nilikuwa nimeshafanya naye kazi miaka kadhaa, na kitu nilichokitamani kuliko vyote ni mwiko wake. Mwiko mpya wa lipu ni adui wa fundi: pembe zake ni kali, kila ukigeuza mkono unaacha mkato. Mwiko wa Mjomba ulikuwa umeliwa na kuta nyingi hadi pembe zikawa mviringo na chuma kikawa chembamba, kikipinda kidogo kwa kidole kama jani la mgomba. Mpini wake wa mti ulikuwa umekuwa mweusi kwa kushikwa. Sasa bega la Mjomba lilikuwa limechoka. Alikuwa ametangaza mbele ya familia nzima kwamba chumba cha mtoto wa dada yangu ndicho cha mwisho, na siku kitakapoisha atanirithisha mwiko pamoja na dawa.

Dawa ndiyo iliyokuwa siri yake. Lipu nyembamba ya mwisho hupigwa kwa jasi, ule unga mweupe, na jasi haina subira. Ukishaichanganya na maji inaanza kuganda ungali unatafuta pa kusimama. Mimi iliniwahi kila mara. Kabla sijafika kona ya pili, mwiko ulianza kukwaruza na kuacha mistari kama kitana kwenye nywele mbichi. Mjomba jasi ilimngoja. Alikuwa na kidumu kidogo alichokifunga kwenye gunia, na kabla ya kuchanganya alitutoa wote nje akafunga mlango. Ukirudi, chumba kinanukia karafuu. Watu waliipenda harufu ile. Walisema fundi gani huyu, anakuachia ukuta na manukato.

"Hiyo dawa ni nini, Mjomba?"

"Ukiona vyaelea, vimeundwa."

"Vimeundwa na nini?"

"Chota maji wewe, acha upelelezi."

Dada yangu alikuwa bado hospitali, amejifungua mtoto wa kike, na mama mkwe wake ndiye aliyekuja kutusimamia. Mwanamke wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa, sebule yake Mjomba aliipiga lipu mwaka uliotangulia. Aliingia chumbani na chupa ya chai, akaketi juu ya mfuko wa jasi kama kiti cha enzi.

"Ukuta wangu sina neno nao, Kioo," alisema. "Joto likizidi nauwekea shavu hivi, ubaridi wake mtamu! Ila hilo dume la paka la jirani litanitoa roho. Mvua ikinyesha tu, linaingia kukojoa sebuleni kwangu. Nimeziba madirisha. Nimeziba mpaka uwazi wa chini ya mlango."

"Paka hana adabu," alisema Mjomba, akisugua mwiko wake kwa kitambaa.

"Na halionekani! Nanusa tu. Juzi nimesikia kitu nyuma ya kochi, nikarusha kandambili, nikavunja glasi zangu za harusi."

Nilicheka sana. Mjomba hakucheka. Nilidhani anawaza kazi.

Kazi ilikwenda kama inavyokwenda siku zote. Tulilowesha ukuta kwanza, maana ukuta mkavu hunyonya maji ya jasi kama mlevi. Akatutoa, akachanganya, akatuita. Tabaka la kwanza alilibandika kwa nguvu, mwiko umelala karibu bapa. La pili lilikuwa jembamba kama utando wa maziwa. Kisha akangoja. Aligusa kwa kidole, akangoja tena, mpaka kidole kikaacha alama bila kunata. Hapo akaniambia nirushe maji kwa brashi, naye akaja nyuma yangu na mwiko ameuinua ukingo, akiukandamiza, ukuta ukianza kung'aa chini ya mkono wake. Matone yalinirukia usoni kama kawaida. Nililamba midomo kama kawaida.

Tulipomaliza, Mama Mkwe akaenda nyumbani. Mjomba akageuza ndoo, akaikalia.

"Funga mlango, mpwa wangu. Leo ndiyo leo."

Akafungua gunia, akanipa kidumu kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Macho yake yalikuwa na machozi, naapa. Mimi pia yalinilengalenga.

"Kimebaki kidogo," akasema. "Kuanzia kesho utajaza mwenyewe."

"Nijaze nini?"

"Ya asubuhi. Ile ya kwanza kabisa, kabla ya chai. Ukishakunywa chai inakuwa nyepesi, haifanyi kazi. Unaiacha siku kadhaa, unaongeza mafuta ya karafuu."

Mtu anaweza kuelewa na akakataa kuelewa. Nilifungua kifuniko. Karafuu ilinipokea mlangoni, kisha ikasogea pembeni kama mwenyeji anayempisha mgeni, na mgeni akaniingia puani na viatu vyake. Mkojo. Mkojo mzee, uliochacha ndani ya plastiki, mzito kama mchuzi uliosahauliwa jikoni.

Niliangusha kidumu. Mjomba akakidaka.

"Taratibu! Hiyo ni ya wiki nzima!"

"Mjomba. Maji ya brashi yanatoka ndoo gani?"

"Ndoo ileile. Kwa nini?"

Nikaanza kutema. Nilitema pale sakafuni, nikajifuta mdomo kwa kiganja, nikakumbuka kiganja kimeshika nini, nikakifuta kwenye suruali, nikakumbuka suruali. Miaka yote ile nilikuwa nalamba midomo. Nilikuwa nakula maandazi juu ya jukwaa, jasi ikiwa imenikaukia kwenye kucha, nikasema leo maandazi yana chumvi. Nywele zangu nilizisuka na vumbi lile ndani. Ulimi ulinivimba kinywani, au niliona hivyo, na sikuwa na mahali pa kuutupa.

"Usinitolee macho," alisema Mjomba. "Mimi nilipewa na fundi wangu, naye alipewa na wake. Unazuia jasi isigande, basi. Ulidhani ulaini unashuka mbinguni? Anayependa nyama haulizi ng'ombe alikanyaga nini."

"Mtoto atalala humu!"

"Na huyo mtoto atakojoa humu kuliko mimi."

"Huyo atakuwa na nepi! Wewe huna haya?"

Alisimama. Sijawahi kumwona ameumia vile, na hata kuumia kwake kulinitia kinyaa, kwa sababu alinyoosha mkono aniguse bega, nami nikaruka kama nimeona nyoka.

"Vinakwenda pamoja," alisema. "Mwiko na dawa. Ukikataa kimoja umekataa vyote. Na jasi yako itaendelea kukukimbia mpaka uzeeke."

Akafunga gunia lake, akaondoka na mwiko.

Nilibaki na ukuta. Ulikuwa mzuri, huo ndio ubaya wake. Nilisema labda nakuza mambo, labda ikishakauka haina neno. Kesho yake asubuhi nikafunga dirisha, nikaweka sufuria ya maji ya moto katikati ya chumba kama ile atakayoogeshewa mtoto, nikaketi. Mvuke ukapanda, ukuta ukatoka jasho. Karafuu ilikuja kwanza. Ikakonda. Ikaisha. Kisha nyuma yake, polepole, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia akachoka kujificha, ikatoka ile nyingine, na kichwani mwangu akatokea dume la paka asiyeonekana.

Nilitapika kwenye ndoo aliyoiacha Mama Mkwe.

Halafu nikachukua kikwangulio. Lipu ya jana ukiilowesha inakubali kutoka. Ilibanduka kwa vipande virefu, laini, kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na kila kipande kikianguka kilitoa pumzi yake. Nilijifunga kitambaa puani. Nilikwangua mpaka saruji, nikasugua kwa sabuni, nikamwaga maji mpaka yakatoka kama yalivyoingia.

Dada alikuwa anarudi kesho yake jioni, na mimi sikuwa na mwiko wala dawa. Nilinunua mwiko mpya, nikausugua pembe kwenye ngazi ya saruji ya mlangoni mpaka majirani wakatoka kuuliza ni mashine gani. Kisha nikaingia jikoni kwa dada. Kama mkojo unaizuia jasi, nilijiambia, haiwezekani duniani kusiwe na kitu kingine chenye ukali kidogo na heshima zaidi. Nilichanganya jasi kwenye vikombe: kimoja cha chumvi, kimoja cha sukari, kimoja cha siki, kimoja cha limau. Chumvi iliganda nikiwa bado nakoroga, kijiko kikabaki kimesimama humo kama mlingoti. Sukari ilibabaisha. Siki haikunishawishi. Limau ilikaa laini, ikaendelea kukaa laini, na nilipoinusa ilinukia limau. Sijui kama kuna aliyewahi kulilia limau. Nililia kidogo.

Nikapiga ukuta peke yangu. Tabaka la kwanza, la pili, kungoja, kidole. Jasi ilinisubiri hadi kona ya pili, ikanisubiri hadi ya tatu. Kwenye dirisha pembe moja ambayo sikuisugua vya kutosha ikaacha mstari mwembamba kama unywele. Nilijaribu kuuzika, ukagoma. Nikauacha.

Walikuja wote jioni: dada amembeba mtoto, Mama Mkwe amebeba kila kitu kingine, na Mjomba nyuma yao amevaa shati lililopigwa pasi, begi la zana kwapani. Mama Mkwe hakusubiri. Aliweka shavu.

"Mmh! Baridi! Ila kuna kamstari hapa, Kioo. Wangu hauna mstari."

Mjomba alichukua balbu, akaishika ubavuni mwa ukuta. Mwanga ukatambaa, ukafika dirishani, ukasimama. Alinusa. Alinigeukia.

"Huu si ukuta wangu."

"Si wako vipi?" dada aliuliza. "Si umeupiga juzi?"

"Mtu ameukwangua ukuta wangu."

"Ni mimi," nikasema.

Dada aliniangalia, mtoto amelala kifuani pake. "Kwa nini, mdogo wangu? Zawadi ya Mjomba?"

Hapo Mjomba akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alifungua begi haraka, akatoa mwiko, akaninyooshea mpini mbele ya wote.

"Hayo yameisha," alisema kwa sauti ya sherehe. "Nimeuona ukuta wake. Kamstari kamoja tu, si kitu. Amefuzu. Mwiko huu ni wake, na mambo ya ufundi hubaki kwa mafundi. Sivyo, mpwa wangu?"

Macho yake yaliniomba. Mwiko wenye pembe za mviringo, chuma kinachopinda kama jani, kila nilichokitaka, na bei yake ilikuwa nifunge mdomo. Mdomo uleule. Niliunyoosha mkono, nasema ukweli, niliunyoosha. Vidole vyangu vilipokaribia ndipo nilipouona vizuri ule weusi wa mpini. Nilikuwa naudhania ni jasho. Mti hunywa, na huu ulikuwa umekunywa kutoka ndoo ileile tangu sijazaliwa.

"Uweke, Mjomba," nikasema. "Mpini unanuka."

"Jasho la kazi hilo."

"Si jasho."

"Unanuka nini?" aliuliza Mama Mkwe, na kwa kuwa hakuna kitu kilichowahi kupita mbele yake asikishike, akamnyang'anya Mjomba mwiko, akauleta puani.

Alivuta pumzi. "Karafuu," akasema akitabasamu. Akavuta tena, ndefu zaidi, kama mtu anayemtafuta mgeni wa zamani katikati ya umati. Tabasamu likakaa usoni pake muda kidogo baada ya yeye mwenyewe kuondoka.

"Kioo."

"Naam, mama."

"Sebule yangu ilipigwa kwa mwiko huu?"

Mjomba aliangalia sakafu. Niliyoisafisha mimi.

Mama Mkwe akauweka mwiko kwenye ukingo wa dirisha kwa ncha za vidole viwili. Akainua mkono mpaka shavuni, lile analoliweka ukutani joto likizidi, akaligusa kama jino linalouma. Dada alikuwa akituangalia mmoja mmoja, hajui acheke au aulize.

"Kumbe hakuna paka," alisema Mama Mkwe taratibu, na akaanza kulisugua shavu lake kwa pindo la gauni, akisugua, akisugua, mpaka likawa jekundu.