Siku Umeme Ulipokatika Mtaa wa Maxwell

Jumapili ile Verlene Mabry alivaa gauni lake la zambarau, akapaka rangi ya mdomo, akashika njia ya Mtaa wa Maxwell na kijiba cha roho. Hakwenda kustarehe. Alikwenda kusikiliza kama watamtaja kwenye igizo.

Igizo lilichezwa barabarani penyewe, katikati ya meza za mitumba na moshi wa soseji na vitunguu, kuwaenzi wapiga blues, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, wa soko la zamani. Shujaa wa igizo alikuwa Luvenia Starks. Mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, miaka themanini na mbili, kofia nyeupe kichwani, akiwapungia watu mkono kama harusi ni yake. Verlene, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mitatu tu, walimkalisha mstari wa tatu nyuma ya mwanamume mwenye mabega mapana.

Na ukweli usemwe: wale wawili walipiga pamoja miaka sita, Luvenia akiimba, Verlene akipiga gitaa. Kila Jumapili asubuhi walisimama chini ya dirisha la shangazi yake Verlene, ghorofa ya pili, maana sokoni bila dirisha hakuna muziki. Barabarani hapakuwa na pa kuchomeka spika, kwa hiyo kila bendi ilikuwa na dirisha lake, na waya ulishushwa kutoka jikoni kwa mtu hadi chini. Bendi isiyo na dirisha ilipiga midomo tu. Dirisha lilikuwa la Verlene, umeme wa shangazi yake Verlene, na bado wapita njia walisema, "Twende kwa Luvenia."

Hilo lilimla Verlene kidogo kidogo, kama panya anavyokula sabuni. Kisha mwaka 1964 akaja mtu wa kutengeneza santuri na mashine yake ya kurekodi. Alimtaka Luvenia peke yake. Mpiga gitaa alikuwa amekuja na wake. Alisema hayo Verlene akiwa ameshavaa mkanda wa gitaa begani. Verlene akauvua, akapanda ngazi, akaingia jikoni kwa shangazi, akasubiri wimbo ukolee, kisha akachomoa plagi. Alitaka kumtilia mwenzake mchanga kwenye kitumbua.

Lakini mashine ya yule bwana ilikuwa ya betri. Spika zilipokufa, Luvenia hakunyamaza. Alipiga mguu chini, akapiga makofi, mtaa mzima ukamfuata, na mashine ikanasa kila kitu. Santuri ile ndiyo iliyompeleka Luvenia hadi Ulaya. Verlene aliisikia yote kutoka dirishani, plagi mkononi.

Sasa igizo lilifika hapohapo. Binti aliyemwigiza Luvenia alikuwa akiimba, spika zikazimwa, na mwigizaji mmoja akalalama kwamba kampuni ya umeme imewakatia tena. Watu wakacheka. Binti akapiga mguu chini, na umati wote, hata wauza soseji, wakapiga miguu naye. Kando yake alisimama mpiga gitaa asiye na jina wala mstari wa kusema. Miaka sita, na Verlene hakupewa hata salamu!

Igizo lilipokwisha, mtunzi wake, msichana aitwaye Marquetta Boone, alishika maiki akawaomba wazee waliokumbuka siku ile waseme neno. Verlene alikuwa ameandaa sentensi moja tangu nyumbani: kwamba gitaa lilikuwa lake. Alipopewa maiki akaona haifai kitu. Baada ya makofi yale, nani alijali gitaa? Walichokipenda ni umeme kukatika, na hicho kilikuwa chake.

"Haikuwa kampuni," akasema. "Plagi niliichomoa mimi. Kwa mkono huu, na kwa wivu."

Mtu mmoja akacheka akidhani ni sehemu ya igizo. Wengine wakageuka kumtazama Luvenia, naye akajigeuza polepole kitini. Hakuhitaji maiki.

"Najua, shoga. Niliinua macho nikakuona dirishani, umeishika plagi."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Niseme ili iwe nini? Mimi nilikuwa nimeshaimba." Akamwonyesha Marquetta kwa kidevu. "Huyu mtoto aliniuliza nani alikuwa gitaani. Kukutaja ni kusema yote, na mimi sijui kusimulia nusu. Nikaona heri nikunyamazie, usije ukaaibishwa mbele ya wajukuu za watu."

Umati ukasimama kushangilia. Haukumshangilia Verlene. Uliushangilia moyo wa Luvenia, na mwanamke mmoja akalia waziwazi. Marquetta akaja mbio akamwahidi Bi Verlene kwamba Jumapili ijayo, igizo litakapochezwa tena, jina lake litakuwemo, pamoja na jikoni, pamoja na plagi.

Basi alikuwa amekipata alichokijia. Verlene akaketi, akaikodolea macho ile kofia nyeupe iliyozungukwa na watu, na wivu ukamshika upya, mkali kuliko wa siku ile jikoni. Hata siri yake yeye Verlene, Luvenia alikuwa ameitunza vizuri kuliko yeye.